Fedha za Serikali Shambani: Za Kujenga na Za Kuendesha

Katika sehemu nyingi za Kenya msafiri apitaye njiani huweza kuona josho la ng'ombe lililojengwa kwa saruji imara, lakini ndani yake hamna dawa, ila majani makavu na maji ya mvua. Mahali pengine huona tangi kubwa la maji juu ya nguzo zake, na chini yake mabomba yaliyopasuka. Au nyumba ya pampu yenye kufuli lililoshika kutu. Vitu hivyo havikujengwa na watu wajinga. Vilijengwa sawasawa, vikafunguliwa kwa hotuba na vigelegele, vikafanya kazi mwaka mmoja au mitano, kisha vikanyamaza.

Sababu ya kunyamaza kwake mara nyingi ni moja tu. Fedha za kujenga zilipatikana, na fedha za kuendesha hazikupatikana. Jambo hili huwapata wakulima wadogo na wakubwa, na Serikali vilevile. Kwa hiyo yafaa kila mkulima, na kila mtu wa mjini ambaye kodi yake hulipia misaada hii, afahamu tofauti iliyopo baina ya fedha hizi mbili, jinsi msaada wa Serikali unavyokuja, na maswali yanayopasa kuulizwa kabla ya kuupokea.

GHARAMA MBILI, NA YA TATU ILIYOJIFICHA

Kila kitu cha kudumu kiwekwacho shambani kina gharama ya kukianzisha na gharama ya kukiendesha. Gharama ya kukianzisha hulipwa mara moja: kununua pampu, kuchimba kisima, kujenga zizi, kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo. Gharama ya kukiendesha hulipwa kila siku, kila mwezi au kila msimu: mafuta ya mashine, dawa, vipuri, mshahara wa mlinzi, na mikono ya kuzibua mifereji.

Mfano ulio rahisi kufahamika ni ng'ombe wa gredi. Mtu akipewa ng'ombe wa namna hiyo bure, jirani zake husema kwamba amepata mali. Lakini ng'ombe huyo atataka majani mengi, maji mengi, chumvi, dawa ya kupe na daktari wa mifugo. Ikiwa mwenyewe hana shamba la majani wala fedha ya dawa, ndama wa kwanza atakufa, maziwa yatapungua, na mwisho ng'ombe atauzwa kwa mchinjaji. Zawadi hiyo haikuwa mbaya. Aliyepewa hakupiga hesabu ya siku za mbele.

Iko gharama ya tatu ambayo watu wengi huisahau kwa sababu haionekani. Nayo ni uchakavu. Pampu inayofanya kazi leo inazeeka leo. Ikiwa itadumu miaka mitano, basi kila mwaka sehemu moja ya tano ya thamani yake imekwisha kutumika, hata kama haijaharibika siku moja. Mkulima asiyeweka akiba kwa ajili ya uchakavu anakula pampu yake kidogo kidogo pasipo kujua. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

MSAADA HUJA KWA NJIA TATU

Watu husema "Serikali imetoa fedha," lakini fedha hizo huja kwa njia mbalimbali, na kila njia ina masharti yake.

Njia ya kwanza ni ruzuku, yaani fedha zisizorudishwa, ambazo hutolewa kwa kazi iliyotajwa na si kwa kazi nyingine. Ruzuku ya kuchimba kidimbwi haiwezi kulipa karo ya watoto. Aghalabu mkulima mwenyewe hutakiwa kuchangia sehemu yake, kwa fedha, kwa mawe na mchanga, au kwa nguvu za mikono, ili ionekane kwamba analitaka jambo hilo kweli.

Njia ya pili ni mkopo. Mkopo hurudishwa pamoja na faida yake. Shirika la Fedha za Kilimo, lililoanzishwa mwaka 1963, liliwekwa kwa kazi hiyo. Watu wengi hupenda ruzuku kuliko mkopo, na ni haki yao; walakini mkopo una funzo moja jema, kwa maana humlazimisha mkulima kuuliza kwanza kama kitu atakachonunua kitazaa fedha za kukilipia.

Njia ya tatu ni kupunguza bei. Hapa mkulima hapewi fedha mkononi. Serikali hulipa sehemu ya bei ya mbolea au mbegu, na mkulima hulipa sehemu iliyobaki. Msaada wa namna hii huingia katika gharama za kuendesha, kwa sababu mbolea hununuliwa tena kila msimu. Hauna mwisho wake wenyewe. Huisha siku Serikali inapoamua kuumaliza.

YALIYOTENDEKA ZAMANI

Msaada wa Serikali kwa wakulima si jambo jipya katika Kenya. Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, chakula kilihitajika sana, na ikatungwa sheria ya kuongeza mavuno. Kwa sheria hiyo wakulima wakubwa walipewa ruzuku ya kuvunja ardhi mpya, wakahakikishiwa bei ya mazao, tena wakaahidiwa pato la chini kwa kila ekari, hivi kwamba mvua ikikosekana wasifilisike. Waliopata faida hiyo walikuwa Wazungu. Mkulima Mwafrika, aliyelima mahindi yaleyale chini ya mvua ileile, hakupewa ahadi kama hiyo.

Mwaka 1954 ulitangazwa mpango uliojulikana kwa jina la Swynnerton, ofisa wa kilimo aliyeuandika. Serikali ya Uingereza ilitoa pauni milioni 5, yaani shilingi milioni 100 za wakati ule, kwa kazi ya miaka mitano. Fedha hizo zilitumika katika kukusanya vipande vya mashamba na kuvipima, kupanda kahawa, chai na pareto, kuleta ng'ombe wa gredi, kutafuta maji na kuajiri mabwana shamba. Mapato ya wakulima wengi waliopata mashamba yakaongezeka. Lakini mpango huo ulifanywa wakati wa Hali ya Hatari, watu wengi walipokuwa vizuizini au wamehamishwa katika vijiji kwa nguvu, na wenyewe ulikiri kwamba utaleta tabaka ya watu wenye ardhi na tabaka ya watu wasio na ardhi. Uchungu wa jambo hilo haujasahauliwa.

Kwa habari ya gharama, mpango huo una funzo lake. Zawadi ya miaka mitano ina mwisho, lakini mshahara wa bwana shamba, matengenezo ya barabara ya kijijini na dawa ya mifugo havina mwisho. Fedha za kutoka ng'ambo zikiisha, kazi yote huangukia kodi ya wananchi. Tangu wakati ule mpaka leo swali limekuwa lilelile: baada ya zawadi, nani?

FUNZO LA JOSHO

Hakuna mahali ambapo swali hilo lilijibiwa kwa ukali kuliko katika majosho. Kupe huleta ndigana kali, ugonjwa unaoua ndama na ng'ombe wa gredi kwa wingi. Kinga yake iliyotumiwa sana ni kuogesha mifugo kwa dawa, mara moja kila juma. Baada ya Uhuru majosho mengi yalijengwa na wenyeji kwa Harambee, na katika miaka ya 1970 Serikali ikachukua kazi ya kuyaendesha. Wafugaji walifurahi, kwa maana dawa ililetwa na msimamizi alilipwa mshahara.

Lakini kadiri majosho yalivyoongezeka, fedha za dawa hazikuongezeka kwa kadiri ileile. Josho likipungukiwa dawa, maji huongezwa ili lijae. Hapo hutokea hasara mbili. Kupe walioguswa na dawa hafifu hawafi wote, na wale wanaosalia huzaa kupe wasiodhurika upesi na dawa hiyo. Tena ng'ombe aliyelindwa na kupe tangu utoto hana kinga ya ndigana mwilini mwake, hivi kwamba siku josho likifungwa hufa upesi kuliko ng'ombe wa kienyeji aliyezoea.

Katika miaka ya 1990 Serikali, ikiwa imebanwa na upungufu wa fedha, iliyarudisha majosho mikononi mwa wenyeji. Mahali ambapo kamati ilikuwa imara, ikatoza ada kwa kila ng'ombe na kuandika hesabu, josho liliendelea. Mahali pengi kamati haikuwa tayari, kwa sababu kwa muda mrefu watu walikuwa wamezoea kutolipa. Majosho yakakauka. Wafugaji walianza kununua vinyunyizio vya mkono, kila mtu kwake, na wengine hawakununua chochote. Hivyo ndivyo mali iliyojengwa kwa jasho la watu wengi ilivyopotea. Saruji yake bado ni nzima, lakini dawa hapana.

MAJI YATEREMKAYO NA MAJI YAPANDISHWAYO

Katika kilimo cha umwagiliaji tofauti ya gharama za kuendesha huonekana wazi zaidi. Shamba la mpunga la Mwea lilianzishwa katika miaka ya 1950, na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa kwa kazi ya wafungwa wa vizuizini. Maji yake hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi, nayo huteremka yenyewe kwa mwinamo wa nchi mpaka majarubani. Maji hayo hayataki mafuta. Hutaka mifereji iliyozibuliwa na milango iliyotengenezwa.

Huko Mwea napo kulikuwa na ugomvi. Mwaka 1998 wakulima walikataa kuongozwa na Halmashauri ya Taifa ya Umwagiliaji katika uuzaji wa mpunga wao, wakisema kwamba wanakatwa gharama nyingi na kubakiwa na kidogo. Kwa miaka kadhaa waliendesha mambo wenyewe, wakaona kwamba kutunza mifereji mikubwa si kazi ya watu wachache. Mwishowe pande mbili zilipatana: Halmashauri itunze mifereji mikubwa, na chama cha wakulima watumiao maji kitunze mifereji midogo, na kila mkulima alipe ada ya maji. Mapatano ya namna hii si makamilifu, lakini kila mtu ajua wajibu wake umeishia wapi.

Katika Mto Tana habari ilikuwa nyingine. Shamba la Hola, lililoanzishwa pia katika miaka ya 1950, lilitegemea pampu. Mwaka 1989 mto ulibadili njia yake, ukaiacha pampu mahali pakavu, na kilimo kikakoma kwa miaka mingi. Shamba la Bura, lililojengwa kwa fedha nyingi za mikopo ya nje tangu mwisho wa miaka ya 1970, lilivutiwa maji kwa mashine za dizeli ili kukuza pamba. Mafuta yalikuwa ghali, vipuri vilichelewa, mashine zikaharibika mara kwa mara. Familia zilizohamia huko kutoka sehemu mbalimbali za nchi zilitazama pamba ikikauka mbele ya macho yao, ingawa mto mkubwa ulikuwa si mbali. Katika miaka ya baadaye Serikali iliona kwamba dawa ya Bura ni mfereji wa maji yateremkayo yenyewe, ijapokuwa kuuchimba ni kazi ya gharama kubwa.

Ndiyo kusema kwamba kitu kilicho ghali kukijenga huenda kikawa rahisi kukiendesha, na kitu kilicho rahisi kukijenga huenda kikamla mwenyewe maisha yake yote. Anayechagua kwa kutazama bei ya kwanza peke yake huchagua kwa jicho moja.

MATUTA YANAYOJILISHA

Iko pia habari njema. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko, na wataalamu wengi walisema nchi ile inakufa. Serikali ya kikoloni iliamuru watu walime matuta. Kazi ya amri haikupendwa popote. Mwaka 1947 wanawake wa Murang'a waliacha kwenda kuchimba matuta, kwa maana waliona kwamba wanachoshwa kwa kazi wasiyoichagua.

Lakini watu wa Machakos walipoachiwa kuchagua wenyewe, walichagua matuta ya namna ya "fanya juu," ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa shamba. Vikundi vya kusaidiana vilizunguka kutoka shamba hata shamba. Tangu mwaka 1974 nchi ya Sweden iliisaidia Serikali ya Kenya katika kazi ya kuhifadhi udongo, na wakulima wakapata mafundisho na zana za mkono. Msaada huo ulikuwa mdogo kwa kila mkulima. Sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika mifuko yao, kwa fedha za kahawa, za matunda, na za mishahara iliyotumwa nyumbani na ndugu waliofanya kazi mijini. Wataalamu waliochunguza wilaya hiyo waliandika mwaka 1994 kwamba kati ya mwaka 1930 na 1990 watu walikuwa wameongezeka karibu mara sita, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Kwa nini matuta yaliendelea na majosho yakakoma? Kwa sababu tuta hujilipia. Ukingo wake hupandwa majani, na majani hulisha ng'ombe. Maji yanayozuiwa huongeza mahindi msimu uleule. Kulitengeneza baada ya mvua hakutaki kitu cha kununuliwa dukani. Hutaka jembe na asubuhi chache. Tena mwenye tuta ndiye mwenye shamba, wala hamngojei mtu mwingine. Msaada unaodumu ni ule unaomwachia mkulima kitu kinachozaa gharama zake chenyewe.

MBOLEA YA BEI NAFUU

Upande wa gharama za msimu, mbolea ndiyo mfano mkubwa. Mwaka 2007 Serikali ilianza kuwapa wakulima maskini mbegu na mbolea ya kutosha ekari moja, kwa nia kwamba mavuno ya ekari hiyo yawape nguvu ya kununua wenyewe msimu ufuatao. Hiyo ilikuwa ruzuku yenye mlango wa kutokea.

Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipokuwa imepanda sana duniani, Serikali iliteremsha bei ya mfuko wa kilo 50 mpaka shilingi 3,500, na mwaka 2023 mpaka shilingi 2,500. Wakulima waliandikishwa ili wapate mbolea hiyo katika ghala za Serikali. Msaada huo uliwafaa wengi. Walakini mwaka 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa haikuwa na mbolea ya kweli, na waliopanda nayo walipata hasara ya msimu mzima. Kuuza bei nafuu hakutoshi. Kupima na kukagua ni gharama ya kuendesha pia, nayo isipolipwa hasara humwangukia mkulima.

Tena mbolea peke yake haiponyi udongo. Udongo mwingi wa nyanda za juu umekuwa wenye asidi, na mbolea za namna fulani zikitiwa mwaka baada ya mwaka huiongeza asidi hiyo. Hapo udongo hutaka kupimwa na kutiwa chokaa na samadi. Mkulima atumiaye bei nafuu ya mbolea kwa kununulia mazoea, asijenge rutuba ya shamba lake, atabaki akiingojea bei nafuu daima. Naye anayeitumia nafasi hiyo kuongeza samadi, majani ya kufunika udongo na miti, siku bei ikipanda hataanguka.

KWA NINI KUJENGA HUPENDWA KULIKO KUTUNZA

Watu huuliza kwa nini Serikali huwa na fedha za kujenga kitu kipya na kukosa za kutengeneza cha zamani. Hesabu ya Serikali hugawanywa katika mafungu mawili: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Misaada na mikopo mingi ya nje huingia katika fungu la maendeleo. Mishahara, mafuta ya magari, dawa na matengenezo huwa katika fungu la kawaida, ambalo hutegemea zaidi kodi. Sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 hutaka sehemu isiyopungua asilimia 30 ya makadirio itumike kwa maendeleo, nayo ni sheria njema ya kuzuia fedha zote zisiishie katika mishahara. Lakini kila jengo la maendeleo likimalizika huzaa gharama ya kawaida, na gharama hiyo isipoandikwa tangu mwanzo, jengo huwa yatima.

Kwa Katiba ya mwaka 2010 kazi nyingi za kilimo, pamoja na kuzuia magonjwa ya mimea na mifugo, zimekabidhiwa serikali za kaunti. Kwa hiyo swali la nani atalipa dawa ya josho sasa huulizwa katika kaunti, ambako wananchi wana haki ya kuhudhuria vikao vya makadirio na kusema neno lao. Wanaohudhuria huomba josho jipya, na mara chache huomba dawa ya josho la zamani. Wote wawili, anayeomba na anayetoa, hupenda kitu kipya.

MFANO WA HESABU

Hesabu ifuatayo ni mfano tu wa kuonyesha njia; kila kundi litie bei za mahali pake. Kundi la watu 20 wanataka kumwagilia mboga. Pampu ni shilingi 150,000; mabomba na tangi ni shilingi 250,000. Jumla ni shilingi 400,000. Mradi wa Serikali unatoa shilingi 360,000, na kundi linachanga 40,000, yaani 2,000 kwa kila mtu. Wote wanafurahi na kuona kwamba mambo ni rahisi.

Sasa itazamwe gharama ya kila mwaka. Mafuta ya miezi minane ya kiangazi, kwa shilingi 6,000 kila mwezi, ni 48,000. Mafuta ya mashine na vipuri vidogo ni 12,000. Mtu wa kuangalia pampu, kwa shilingi 4,000 kila mwezi wa kazi, ni 32,000. Uchakavu wa pampu itakayodumu miaka mitano ni 30,000. Uchakavu wa mabomba na tangi vitakavyodumu miaka 25 ni 10,000. Jumla ya mwaka ni shilingi 132,000, yaani 6,600 kwa kila mtu, au shilingi 550 kila mwezi.

Makundi mengi huhesabu mafuta ya pampu peke yake, nayo ni shilingi 200 tu kwa mtu kila mwezi. Upungufu wake ni shilingi 84,000 kila mwaka. Katika miaka mitano upungufu huo hufika shilingi 420,000, kiasi kinachozidi gharama yote ya kwanza. Kwa maneno mengine, kundi lilipewa mali ya shilingi 360,000, nalo likaandaa deni kubwa kuliko mali hiyo. Siku pampu inapokufa, wanachama huanza kushukiana, mweka hazina huitwa mwizi hata kama hakuiba senti moja, na kundi huvunjika. Jambo hilo la mwisho ni hasara iliyo mbaya kuliko pampu.

Pampu itumiayo nguvu za jua huondoa gharama ya mafuta, nayo ni faida kubwa. Haiondoi uchakavu, wala wizi wa vioo vyake, wala haja ya fundi. Hesabu yake ni nyingine, lakini ni lazima ipigwe.

YANAYOPASA KUULIZWA

Kabla ya kuweka sahihi au alama ya kidole katika karatasi ya msaada, yafaa mkulima au kundi liulize maswali haya mbele ya bwana shamba, na majibu yaandikwe:

1. Je, fedha hizi ni ruzuku au ni mkopo? Kama ni mkopo, zitarudishwa lini na kwa faida gani?

2. Baada ya kujengwa, kitu hiki ni mali ya nani? Cha kundi, cha kaunti, ama cha mwenye ardhi kilipojengwa?

3. Gharama ya kuendesha kwa mwaka mmoja ni kiasi gani, pamoja na uchakavu?

4. Kitu hiki kitazaa fedha kiasi gani, na je, fedha hizo zatosha kulipa gharama hiyo hata mwaka wa mvua mbaya au wa bei ndogo?

5. Vipuri vyake vyapatikana wapi, na fundi ajuaye kukitengeneza anakaa umbali gani?

6. Mwanachama asiyelipa atafanywa nini, na ni nani mwenye nguvu ya kumwambia?

Swali la sita ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa asiyelipa huenda akawa shemeji, au mzee wa mtaa, au mjane ambaye kila mtu amhurumia. Kundi lenye busara huliamua jambo hilo mapema, kabla halijawa na jina la mtu ndani yake. Huenda wakakubaliana kwamba mjane atalipa kwa kazi na si kwa fedha. Lakini liwe neno lililoandikwa, si upendeleo wa siku hiyo.

Ikiwa majibu hayapatikani, si lazima msaada ukataliwe. Yawezekana kuomba kitu kidogo zaidi, ambacho kundi linaweza kukibeba: matuta badala ya pampu, vidimbwi vichache badala ya bwawa, au mafunzo ya kuweka hesabu kabla ya kitu chochote. Ofisa mwema hatakasirika kwa kuulizwa. Atajua kwamba amekutana na watu ambao mradi wake utakuwa hai kwao baada ya yeye kuhamishwa.

Serikali nayo ina wajibu wake. Kumjengea mkulima kitu ambacho hakuonyeshwa gharama yake ni kumtwika mzigo gizani. Kila mradi unaotangazwa barazani ungefaa kutangazwa kwa hesabu mbili, ya kujenga na ya kuendesha, ili mkulima aliye nyuma kabisa ya mkutano azisikie zote.

Wazee walisema kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta, na kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Josho lile la njiani bado lina ukuta mzima. Lililokosekana ni daftari, na shilingi chache za kila juma.